Daktari Aliyekwenda Madras



Kamati imetutaka sisi tunaohudumu katika kliniki ya Jumapili hapa uani tuseme neno juu ya maradhi ya kifua. Tumechagua kumzungumzia tabibu Mwingereza, Wallace Fox. Jina lake halitajwi mitaani, ingawa wengi waliopona kifua kikuu katika nchi zetu wana deni kwake.

Mwaka 1956 Fox alikwenda Madras, mji uitwao leo Chennai. Desturi ya zama hizo ilikuwa kumtoa mgonjwa nyumbani na kumlaza miezi mingi katika sanatoria, apumzike na ale vizuri. India ilikuwa na wagonjwa wengi mno na vitanda vichache mno. Dawa za kuua vijidudu zilikwisha kupatikana. Swali likawa, je, kinachoponya ni dawa, au ni kitanda, maziwa na mapumziko?

Fox na wenzake waliwachukua wagonjwa 193, maskini wa mji ule, wakawagawa kwa kura: baadhi walazwe, baadhi watibiwe nyumbani, dawa zikiwa zilezile kwa mwaka mzima. Wa nyumbani walikula chakula duni zaidi, walilala katika vyumba vilivyosongamana, na hawakupumzika kama wenzao. Kipimo cha kupona kilikuwa makohozi yaliyooteshwa maabara, wala si mgonjwa kunenepa. Matokeo yalipotolewa mwaka 1959, makundi mawili yalikaribiana sana. Kisha jamaa zao wakafuatiliwa kwa miaka mitano, na haikuonekana kwamba walioishi na mgonjwa wao waliugua zaidi kuliko wale ambao mgonjwa wao alitengwa. Hatari kubwa ilikuwa imepita kabla ya tiba kuanza, siku zile alipokuwa akikohoa na hakuna aliyejua.

Hapa tunaomba kutua kidogo. Katika nyumba zetu wenyewe tumeona kikombe cha bibi kikiwekwa peke yake dirishani, na sahani yake ikioshwa mwisho, hata baada ya miezi mingi ya dawa. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kikombe. Huambukizwa kwa hewa. Bibi yule alikwisha kupona, lakini hakurudishwa mezani. Sisi tulikuwamo, tukanyamaza.

Fox alikuwa mtu wa huruma asiyeridhika na maneno matupu. Watumishi wake walikwenda majumbani bila taarifa, wakahesabu vidonge na kupima mkojo. Wakagundua jambo ambalo kila mama anayemnywesha mtoto dawa analijua: kidonge kilichotolewa si kidonge kilichomezwa. Kutokana na hayo ilijaribiwa Madras tiba ya mara mbili kwa wiki, mgonjwa akimeza dawa mbele ya mhudumu.

Baadaye, akiongoza kitengo cha kifua kikuu cha Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, alishirikiana na madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Tiba ya kawaida huku ilichukua miezi 18, na wengi waliikatiza njiani. Majaribio yaliyotangazwa kuanzia mwaka 1972 yalionyesha kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa, miezi sita yaweza kutosha, na wanaorudiwa na ugonjwa wakawa wachache. Wagonjwa waliokubali kujaribiwa walikuwa watu wa kwetu. Majina yao hatunayo, nasi tungependa wakumbukwe leo pamoja na tabibu huyo.

Basi anayekohoa wiki mbili au zaidi, anayetokwa na jasho usiku au kukonda bila sababu, asingoje. Katika vituo vya serikali makohozi hupimwa na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Jumapili ijayo, baada ya arti, tutakuwa mezani karibu na lango. Anayeona haya kwenda peke yake atusogelee tumsindikize, na mwenye mgonjwa nyumbani aje naye.