Mkufunzi wa Kompyuta na Watu Wake: Vyama, Burudani na Hazina za Mtandaoni katika Vyuo vya Tabora

Katika wasifu wa mkufunzi wa kompyuta vyeti hutangulia, na mwishoni kabisa huja mistari mitatu iliyoandikwa kwa haraka: vyama vya kitaaluma alivyojiunga navyo, mambo anayopenda kufanya akiwa mapumzikoni, na tovuti anazozitegemea. Anayesoma wasifu huo kwa ajili ya ajira au kupandisha daraja huiruka mistari hiyo kama mapambo. Mada hii inadai kinyume chake. Kwa mkufunzi aliye Tabora, mbali na makao makuu ya kampuni na vyuo vikuu vikubwa, mistari hiyo mitatu inatuambia zaidi kuliko cheti kama bado anaweza kufundisha. Cheti kinashuhudia alichokijua siku ya mahafali, na somo letu huchakaa upesi mno. Chukua lugha ya Python. Toleo la 2, lililofundishwa vyuoni kwa miaka mingi, liliacha kuhudumiwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Amri ya print isiyo na mabano, ambayo toleo hilo liliikubali, inakataliwa na toleo la 3. Mkufunzi aliyejifunza toleo la zamani kisha akabaki peke yake anaweza kuendelea kuliandika ubaoni muhula baada ya muhula, na hakuna darasani atakayemwambia, kwa kuwa wanafunzi hawana pa kulijulia hilo. Wa kumwambia ni mwenzake wa kazi aliye nje ya ukuta wa chuo. Hoja yangu yote imesimama hapo: maarifa ya kompyuta hayakai ndani ya mtu mmoja, na chuo kinapomwajiri mkufunzi kinaajiri pia watu anaoulizana nao.

Mji huu unalijua jambo hilo kuliko miji mingi. Mwaka 1856 ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, iliyotokana na habari walizokusanya pwani, ilienea Ulaya ikionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ilichorwa vizuri, ilichapishwa na watu walioheshimika, na haikuwa sahihi. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 1857, walipokewa na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, na ni yeye aliyewaeleza kwamba ziwa la Ujiji ni jingine, Nyanza ya kaskazini ni jingine, na Nyasa ni jingine. Snay hakuwa na shahada ya jiografia. Alikuwa na makazi pale njia ya Bagamoyo inapogawanyika, moja ikielekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, na misafara ilipopumzika alisikia habari za kila upande na kuzilinganisha. Mwaka uliofuata Speke alielekea kaskazini kwa kufuata maelezo hayo, akaliona ziwa Nyanza. Kwa hiyo kosa la ramani ya Ulaya lilirekebishwa hapahapa Unyanyembe, na mtu ambaye elimu yake ilikuwa watu aliofahamiana nao. Asemaye kwamba Tabora iko pembezoni, kwamba maarifa lazima yatungwe kwingine na sisi tuyapokee yakiwa yamekwisha kupikwa, anasahau kwamba wageni walikuja hapa kuuliza.

Njia hiyo ya misafara inatufundisha pia uanachama ni nini. Wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka pwani na meno ya tembo walijenga utani na watu wa njiani na wa pwani, Wazaramo wakiwamo, na utani huo ulikuwa na kazi nzito nyuma ya mzaha wake. Mtani aliyeugua safarini alikuwa na wa kumuuguza, na aliyefia ugenini alikuwa na wa kumzika. Nyumbani nako kulikuwa na vyama vya ujuzi. Buyeye, chama cha wacheza na nyoka kilichoenea Unyamwezi na Usukuma, kilipokea wanachama kwa ada, kikawafunza dawa za sumu, na aliyeingia alipaswa naye kuitumikia elimu hiyo. Sitaki kuvifanya vyama hivyo viwe ofisi za kisasa. Vilikuwa na siri zake na miiko yake, na sayansi ya leo haiwezi kufungiwa katika siri. Ila jambo moja lilieleweka kwa kila aliyeingia: jina lako kwenye orodha bila wajibu wako kwa wenzako halina thamani.

Tukitazama vyama tulivyo navyo leo kwa jicho hilo, tutaacha kuvihesabu na kuanza kuvipima. Tume ya TEHAMA, iliyoundwa mwaka 2015, inasajili wataalamu wa fani hii. ISACA ina tawi Tanzania kwa wanaojishughulisha na ukaguzi na usalama wa mifumo. Internet Society nayo ina tawi nchini. Nje kuna ACM, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1947, na IEEE. Wahasibu wanaosimamiwa na NBAA wanatakiwa kuonyesha saa za kujiendeleza ili wabaki katika hadhi yao, na hakuna anayeona ajabu. Makatibu mahsusi, ambao wengi wao walipita katika chuo ambacho watu wa hapa bado wanakiita Chuo cha Uhazili, ingawa sasa ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, wana chama chao, TAPSEA, na mikutano yake. Kazi yao ilihama kutoka taipureta hadi kompyuta, nao wakahama nayo wakiwa kundi. Anayefundisha kompyuta hapaswi kuwa na umoja hafifu kuliko wale anaowafundisha kuitumia.

Pingamizi la kwanza ni ada, nalo si dogo kwa mshahara wa mkufunzi, hasa ada inapotozwa kwa dola. Lakini uanachama wa mtu binafsi katika Internet Society ni bure, na ACM ina viwango vya chini kwa nchi zinazoendelea. Zaidi ya hayo, Aprili 2022 ACM ilifungua bila malipo machapisho yake yote ya kati ya mwaka 1951 na 2000. Kwa hiyo anayelipa ada leo asidhani ananunua makala za zamani. Ananunua mahali pa kuuliza na kujibu. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kwamba wengi hujiunga ili waandike jina la chama kwenye wasifu, basi. Ni kweli, na tiba yake ni kubadili swali la usaili. Badala ya kuuliza “wewe ni mwanachama wa chama gani?”, jopo liulize “mwaka huu uliuliza nini huko, ulijibiwa nini, na somo lako lipi lilibadilika kwa jibu hilo?” Uanachama wa karatasi hautastahimili maswali hayo matatu.

Nchi hii imekwisha kuonja gharama ya upweke wa kitaalamu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu uliotumiwa na Wizara ya Fedha kuleta hasara na fadhaa. Kwa akili ya wakati ule uamuzi ulikuwa na mantiki: fedha za kigeni zilikuwa adimu, mashine zilitegemea wataalamu wa nje, na Watanzania waliozifahamu walikuwa wachache mno kuweza kusema lipi limeharibika na kwa nini. Mashine zilifungiwa mlango kwa miaka, na uchache wa wataalamu ulioleta tatizo ukazidi kukomaa. Ninavyoona mimi, funzo la 1974 halihusu vifaa hata kidogo. Linahusu nchi iliyonunua mashine kabla ya kuwa na jamii ya watu wa kuzijadili.

Sasa burudani. Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliwatangazia wenzake programu endeshi aliyokuwa akiiandika, akisema ni jambo la kujifurahisha tu. Leo programu hiyo, Linux, inaendesha sehemu kubwa ya seva za dunia na ndiyo kiini cha simu za Android. Wala hatuhitaji kwenda Helsinki. Mkufunzi anayependa bao ana mtaala mzima mkononi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64; mwanzoni kila mchezaji ana kete 10 ubaoni na 22 za kunamua, yaani kuingiza ubaoni moja moja. Mwambie mwanafunzi aliandikie programu. Kwanza atatafuta namna ya kuyaweka mashimo katika safu, kisha atakuta kwamba kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huchotwa zote na mchezo unaendelea, na ikiangukia shimo tupu, zamu inalala. Hapo amekutana na kitanzi chenye sharti la kukoma. Na waliolichunguza bao kwa kompyuta wamegundua mitaji, yaani zamu za kula, isiyolala kamwe, inayozunguka bila mwisho. Mwanafunzi aliyeona programu yake imeganda kwa sababu hiyo ataelewa kitanzi kisicho na kikomo vizuri kuliko aliyepewa maana yake ainakili. Mapenzi ya mkufunzi kwa bao ndiyo yaliyozaa zoezi hilo. Muhtasari wa somo usingelizaa.

Hata hivyo, hapa kuna pingamizi ninalolikubali nusu. Muda wa mapumziko si sawa kwa wote. Mkufunzi mwanamke anayerudi nyumbani kupika na kulea hana Jumamosi ile aliyo nayo mwenzake wa kiume, na wapo wengi ambao jioni yao ni shamba la tumbaku au mizinga ya nyuki inayowasaidia kulipa ada za watoto. Kufanya burudani kuwa sharti la kupanda daraja kungewaadhibu hao. Kwa hiyo sipendekezi sharti. Napendekeza saa mbili kwa wiki ndani ya ratiba ya kazi, ambazo mkufunzi atachezea fani yake kwa njia anayoipenda, na mwenye mizinga aruhusiwe kuifanya mizinga hiyo kuwa mradi: joto na uzito wa mzinga vikisomwa na kifaa kidogo ni somo kamili la vihisio, katika mkoa unaojulikana kwa asali na wenye Chuo cha Ufugaji Nyuki.

Kuhusu tovuti, kuna wanaosema hoja hii yote imepitwa na wakati: mwanafunzi ana Stack Overflow, ana kozi ya CS50 ya Harvard bila malipo, na sasa ana akili mnemba inayomwandikia programu kwa Kiswahili. Anahitaji mkufunzi mwenye watu wa nini? Anamhitaji kwa sababu ileile iliyofanya ramani ya 1856 ihitaji Kazeh. Jibu la akili mnemba huja limenyooka, lina lugha nzuri na sauti ya uhakika, na linaweza kuwa limeyafanya maziwa matatu kuwa moja. Mwenye kulijaribu, kulilinganisha na nyaraka rasmi za lugha husika na kumuuliza mwenzake ndiye atakayelishika kosa. Orodha nzuri ya tovuti kwa hiyo ni fupi na ina maelezo: hii naiamini kwa jambo gani, na kwa jambo gani siiamini.

Tena, kupendekeza tovuti kwa mwanafunzi asiye na bando ni kumpa funguo za nyumba isiyo na njia. Kiwix, programu huria, inahifadhi Wikipedia na hazina nyingine zisomwe bila intaneti. Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha huchukua takribani gigabaiti 100, na ile ya Kiswahili huchukua sehemu ndogo tu ya hizo. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, diski na ruta vinatosha kulihudumia darasa lililoshika simu mkononi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuijaza upya hazina hiyo. Naomba semina hii iazimie kwamba kila chuo kitamteua mkufunzi mmoja, kimpe bando la chuo kila mwisho wa muhula, naye apakue matoleo mapya, aongeze maswali na majibu aliyoyapata kwa wenzake wa vyama, na aandike jina lake na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza, ili mwanafunzi wa Tabora, Urambo au Nzega akikuta kosa ajue wa kumwambia.