MAFUTA YA KUPIKIA: JE, NI SAFI?

Leo tuzungumze juu ya mafuta ya kupikia, hasa yale tunayopimiwa dukani kutoka kwa mtungi usio na jina.

Mwaka wa 1981 huko Uhispania, mafuta ya mbegu yaliyotengewa viwanda yaliuzwa mitaani kama mafuta ya kula. Watu wapatao 20,000 waliugua na zaidi ya 300 wakafa. Hapa Kenya pia, imeripotiwa kwamba mafuta ya transfoma huibwa na kuuzwa kwa wakaangaji wa chipsi.

Je, macho yanaweza kuyatambua? Mara nyingi, la. Maabarani hutumiwa mwanga wa infraredi. Macho hayauoni, lakini ngozi huuhisi, kama joto la jiko la makaa. Matone machache ya mafuta huwekwa kwenye mashine na kumulikwa. Mafuta hufyonza sehemu fulani za mwanga huo, na mashine huchora mstari wenye vilima na mabonde. Mafuta ya alizeti, mahindi au mawese yana kilima kimoja kirefu ambacho mafuta ya transfoma hayana. Yakichanganywa, kilima hicho hupungua. Jibu hupatikana kwa dakika chache. Lakini mawese yakitiwa ndani ya alizeti, tofauti huwa ndogo, na wataalamu hulazimika kulinganisha na sampuli safi.

Wewe huna mashine hiyo jikoni. Basi fanya hivi:

1. Nunua mafuta yaliyofungwa, yenye alama ya KEBS na tarehe ya mwisho wa kutumika. Pesa zikiwa kidogo, chukua pakiti ndogo. Tangu 2012 sheria inataka mafuta yatiwe vitamini A. Yakichanganywa na mengine, mtoto wako hupunjwa.

2. Yakinuka mafuta taa au grisi, usiyapikie wala usiyaonje.

3. Usiyamwage. Yatie kwenye chupa safi, andika jina la duka na tarehe, kisha umwone afisa wa afya ya umma. Yeye anaweza kupeleka sampuli maabarani.

4. Mtoto akinywa mafuta taa au ya mashine, usimtapishe, kwani yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitalini, ukibeba chupa yenyewe.

Mama, mwambie na jirani yako.