Nguvu Iliyofichwa Ndani ya Petroli

Leo natuzungumze habari ya kitu ambacho twakipita kila siku bila kukifikiri: petroli.

Dereva akitia lita moja tu, tangi lake limepokea nguvu ipatayo uniti 9 za umeme. Nguvu hiyo yatosha kuwasha taa ya wati 60 kwa siku sita, mchana na usiku. Je, imetoka wapi? Imetoka kwenye jua. Mamilioni ya miaka iliyopita, viumbe vidogo sana vya baharini viliishi kwa mwanga wa jua. Vilipokufa vilifunikwa na matope, vikakandamizwa na kupata joto chini ya ardhi, hata vikawa mafuta. Nguvu ya jua lile la kale ingali akiba humo.

Lakini petroli peke yake haiendeshi gari. Yahitaji hewa na cheche. Ndani ya injini, mvuke wake huchanganywa na hewa yenye uzito kama mara 15 ya uzito wa petroli. Pistoni huubana mchanganyiko huo, plagi hutoa cheche, nao huwaka mara moja. Gesi yenye moto hutanuka, huisukuma pistoni, na mwisho wake magurudumu yazunguka. Nguvu nyingi hupotea kwa joto tu. Ile kidogo inayobaki ndiyo inayotufikisha sokoni na hospitalini.

Ndugu zangu, moto huo hututumikia kwa sababu umefungwa ndani ya chuma na kupimwa tone kwa tone. Je, ukiwa nje?

Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka. Watu wakaja mbio na ndoo na mitungi. Moto ukazuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mimi siwalaumu. Wengi walikuwa wakitafuta riziki, na adui yao hakuonekana kwa macho. Maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, huingia mitaroni, hufika mbali na pale mafuta yalipomwagika. Wala haungoji jua kali. Petroli hutoa mvuke hata usiku wa baridi. Cheche moja yatosha, au injini ya gari iliyowashwa.

Wazee walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Mzazi unayenisikiliza, siku utakaposikia lori la mafuta limeanguka, usitafute mtungi. Watafute watoto wako, uwapeleke mbali. Na kama umeweka petroli ndani ya nyumba karibu na jiko, itoe leo, kabla ya chakula cha jioni kupikwa.

Kwaherini, na safari zenu ziwe za amani.