MFUPA WA NYONGA NA KIFO CHA MZEE



Mzee akifa miezi mitatu baada ya kuanguka uani, watu husema, "Ameuawa na kichomi," au, "Ni uzee tu." Mfupa wa nyonga uliovunjika siku ile hautajwi tena. Leo nataka kuwaelezeni jinsi mfupa huo ulivyokifungulia kifo mlango.

Binadamu azeekapo, na hasa wanawake waliokoma hedhi, mifupa yake huwa na matundu ndani kama ubao ulioliwa na mchwa. Kuteleza kidogo tu penye tope la Mto Tana kwatosha kuvunja shingo ya mfupa wa paja. Mtu huyo hawezi kusimama. Hulala chali mchana na usiku, na hapo ndipo taabu ianzapo. Mapafu yasiyojazwa pumzi hukusanya makohozi, kichomi kikashika. Damu huganda katika mishipa ya miguu, na bonge likikatika husafiri hata mapafuni, mgonjwa akafa kwa dakika chache. Matako na visigino huchubuka, vikawa vidonda vinavyooza. Misuli husinyaa, na aliyekuwa akila ugali na samaki sasa hata uji humshinda. Katika nchi zenye hospitali tele, mtu mmoja katika kila watano waliovunjika nyonga, na pengine zaidi, hufa kabla ya kutimia mwaka.

Kijana naye ana hatari yake. Aangukaye kutoka mwembeni akavunja paja aweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi humo humo pajani, na nje lisionekane tone. Na mwili mzima una lita 5 tu hivi.

Sasa, habari ya wenye kuunga mifupa kwa mabanzi. Siwadharau, wako wenye mikono mizuri. Lakini kitambaa kikikazwa mno damu haipiti. Vidole vikiwa baridi na kufa ganzi, fungueni usiku huo huo, msingoje asubuhi. Na nyonga haiungwi kwa kamba.

Najua njia ilivyo. Mto ukifurika, kama mwaka 1961 na 1997, kufika Ngao au Malindi ni kazi ya mtumbwi na machela. Hata hivyo, fungeni mguu mbovu pamoja na mzima, usichezecheze, mkaondoke siku hiyo hiyo. Mgonjwa akipasuliwa mapema huweza kusimamishwa upesi. Isipowezekana, mkalisheni kitako, mgeuzeni kila baada ya saa mbili, avute pumzi ndefu, anywe maji, ale samaki na kunde.

Na akifa, naibu wa chifu ajapo kuuliza sababu, msimwambie kichomi tu. Mwambieni pia kwamba alianguka, na siku aliyoanguka.