Shahada au Cheti cha CCNA?

Leo nazungumza na kijana aliyemaliza kidato cha sita na anataka kazi ya kompyuta, pamoja na mzazi anayehangaika na ada.

Shahada ya TEHAMA hapa Tanzania kwa kawaida ni miaka 3. CCNA, cheti cha mitandao ya kompyuta cha kampuni ya Cisco, hupatikana kwa mtihani mmoja wa dakika 120, ada yake dola 300. Usipokihuisha ndani ya miaka 3, kinakufa. Shahada haifi.

Lakini ofisi nzima ikikosa intaneti, swichi ya mtandao inawaka taa ya rangi ya chungwa, hapo panatakiwa mtu anayejua waya upi auchomoe na amri ipi aiandike. Aliyejiandaa vizuri kwa CCNA ameyafanya hayo kwa mikono yake, tena na tena. Nawaheshimu sana vijana hao.

Hata hivyo, nafasi nyingi za Afisa TEHAMA serikalini hudai shahada. Kama ada ipo, mwanao aende chuo, cheti akifanye mwaka wa mwisho. Kama haipo, aanze na cheti. Chuo atasoma jioni akiwa kazini.

Na kabla hujalipia mafunzo ya cheti popote, uliza: mtihani wenyewe anautoa nani?