Masomo ya Sheria: Mwananchi Atarajie Nini kwa Aliyesomea Uwakili?

Mazungumzo ya elimu kwa umma yaliyoandaliwa kwa wazazi, wanafunzi na wakazi wa kaunti



Kila matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, wapo vijana wanaosema wanataka kusomea sheria. Mzazi hufurahi, kisha huanza kupiga hesabu. Wengine huuza ng'ombe, wengine hukata kipande cha shamba, wengine hupanga foleni ya fomu za basari. Lakini swali moja huulizwa mara chache: kijana huyo anakwenda kufundishwa nini hasa, na akirudi atakuwa anaweza kufanya nini?

Swali hili si la mzazi peke yake. Mkazi ambaye hana mtoto chuoni, na ambaye hajawahi kuingia afisi ya wakili, huenda siku moja akamkabidhi mwanasheria hati yake ya shamba, kesi ya mwanawe au fidia ya ajali. Anayejua malengo ya masomo ya sheria anajua pia cha kudai kwa aliyehitimu masomo hayo.

Kwanza, tulikotoka. Wakati wa ukoloni, Mwafrika aliyetaka kuwa wakili alilazimika kuvuka bahari, kwani hapakuwa na mahali pa kusomea sheria katika Afrika Mashariki. C.M.G. Argwings-Kodhek, anayekumbukwa kuwa Mwafrika wa kwanza kufanya kazi ya uwakili nchini Kenya, alisomea Uingereza. Uhuru ulipokaribia, kamati iliyoongozwa na Lord Denning, jaji wa Uingereza, ilichunguza namna ya kuwafunza Waafrika sheria. Mwaka 1961 masomo ya shahada ya sheria yalianza Dar es Salaam, ambako vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walisoma pamoja. Mwaka 1963 Shule ya Sheria ya Kenya ikaanzishwa, na mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha sheria. Lengo lilikuwa wazi. Nchi huru haiwezi kutegemea wageni peke yao kuwatetea watu wake kortini, kuandika sheria zake na kutoa hukumu.

Leo njia ya kuwa wakili ina hatua kadhaa. Mwanafunzi husoma shahada ya sheria chuo kikuu, kwa kawaida miaka minne. Masomo 16 ni ya lazima katika kila chuo kilichoidhinishwa, yakiwemo katiba, mikataba, jinai, ushahidi, ardhi, familia na mirathi, kazi na ajira, biashara, na utafiti wa kisheria. Baadaye huenda Shule ya Sheria ya Kenya, iliyoko Karen, Nairobi, kufundishwa kazi yenyewe kwa vitendo. Humo kuna masomo tisa, yakiwemo uendeshaji wa kesi za madai na za jinai, usimamizi wa mirathi, uuzaji wa ardhi, uandishi wa hati na maadili ya uwakili. Hufanya mradi, mtihani wa mdomo na mtihani wa kuandika unaosimamiwa na Baraza la Masomo ya Sheria. Pia hukaa miezi sita chini ya wakili mzoefu akijifunza kazi. Akimaliza yote hayo ndipo huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuandikwa katika orodha ya mawakili. Hata hapo bado. Ili ahudumie wateja, sharti awe na cheti cha kuhudumu cha mwaka husika.

Kwa hivyo, aliye na shahada ya sheria si lazima awe wakili. Wananchi wengi hupotezea pesa zao hapo.

Sasa tuyaangalie malengo yenyewe kwa mfano mmoja ambao kila kijiji kinaufahamu. Mwanamume amefariki bila kuacha wasia. Ameacha mjane, mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume. Shamba lina hati, lakini hati ni ya jina la marehemu. Mashemeji wanasema mabinti wataolewa, hivyo hawana fungu. Mnunuzi amekwisha kuja kupima ploti kando ya barabara. Na karibu na lango la korti kuna bwana mwenye mkoba anayemwambia mjane kwamba kwa elfu kadhaa, pesa mkononi, atambadilishia hati katika wiki mbili.

Lengo la kwanza la masomo ya sheria ni ujuzi wa sheria yenyewe. Aliyesoma vizuri anajua kwamba Sheria ya Urithi, isipokuwa pale inapotoa nafasi kwa sheria nyingine, haimtengi mtoto wa kike na wa kiume, wala aliyeolewa na asiyeolewa. Anajua kwamba mjane ana haki ya vyombo vya nyumbani na ya kuitumia mali iliyobaki maishani mwake. Anajua kwamba kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa la jinai, na kwamba shamba la marehemu haliwezi kuuzwa kabla ya mahakama kumthibitisha msimamizi wa mirathi. Iwapo familia ni ya Kiislamu, anajua kuwa mgao hufuata sheria ya Kiislamu, na kwamba wahusika wote wakiwa Waislamu na wakikubali, wanaweza kwenda Mahakama ya Kadhi.

Ujuzi huo peke yake unatosha kumfichua bwana mwenye mkoba. Ombi la kusimamia mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku zisizopungua 30 za kupinga. Baada ya barua za usimamizi kutolewa, kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya kuthibitishwa, isipokuwa mahakama iruhusu mapema. Anayeahidi wiki mbili ama hajui sheria, ama anajua na anadanganya.

Lengo la pili ni kufikiri. Sheria hubadilika, na anayekariri vifungu hubaki nyuma. Ndiyo maana mwanafunzi hupewa hukumu za majaji kila wiki azichambue: nini kilitokea, swali la kisheria ni lipi, jaji aliamua nini na kwa sababu gani. Kisha huambiwa atetee upande asioupenda. Zoezi hilo si la kumfanya kigeugeu. Humzoeza kuona udhaifu wa kesi yake kabla ya mpinzani kuuona. Mjane akifika kwake, hatabebwa na kilio wala na hasira za mashemeji. Atauliza: cheti cha kifo kipo? Barua ya chifu inataja warithi wote? Kuna mtoto mwingine nje ya boma hili? Kuna deni lililoachwa? Maswali hayo humuudhi mteja, lakini jambo lililofichwa leo ndilo huivunja kesi kesho.

Lengo la tatu ni kazi ya mikono, kwa maana ya kuandika, kusikiliza, kupatanisha na kusema mbele ya korti. Hati iliyoandikwa vibaya humtesa mtu miaka mingi. Jina likikosewa herufi moja, au nambari ya shamba ikikosewa tarakimu, shughuli husimama. Ndiyo sababu Shule ya Sheria hufundisha uandishi wa hati kama somo zima. Vilevile Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama kuendeleza njia za kutatua mizozo kama upatanisho, usuluhishi na taratibu za jadi. Wakili aliyefunzwa vyema hakimbilii vita. Anaweza kuketi na wazee, mashemeji na mjane chini ya mwembe, wakafikia makubaliano yasiyokiuka haki ya mabinti, kisha akayaandika yakubalike kortini. Familia ikabaki familia.

Hapa lugha ina uzito wake. Wakili ambaye hawezi kumweleza mama mzee kwa Kiswahili safi, au kwa lugha ya nyumbani, karatasi anayotia kidole gumba inasema nini, hajamaliza masomo yake hata kama ana shahada ukutani.

Lengo la nne ndilo linalobeba mengine yote, nalo ni uadilifu. Masomo matatu ya kwanza humpa mtu nguvu, na nguvu hiyo inaweza kumwokoa mjane au kummaliza. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kwamba siri ya mteja ni amana. Hufundishwa kwamba pesa za mteja hukaa katika akaunti yake maalumu ya benki na hazichanganywi na pesa za wakili. Hufundishwa kwamba hawezi kumwakilisha mjane na mashemeji wanaovutana kwa wakati mmoja, hata wote wakiwa tayari kulipa. Na hufundishwa kwamba ana wajibu kwa mahakama pia, kwa hivyo hawezi kupeleka stakabadhi anayojua ni ya uongo ili ashinde.

Malalamiko mengi yanayosikika mitaani kuhusu mawakili hayatokani na kutojua sheria. Ni fidia iliyolipwa na mteja hakuambiwa. Ni simu zisizopokelewa. Ni tarehe ya kesi iliyopita kimya. Mtihani unaweza kupima kama mwanafunzi anazijua kanuni za maadili. Iwapo anazifuata, hilo hupimwa na mwananchi akiwa afisini mwa wakili. Kazi ya chuo haikamiliki bila jamii inayouliza maswali.

Basi mkazi aulize. Kabla ya kulipa, ahakikishe kwamba jina la anayejiita wakili lipo katika orodha ya Chama cha Mawakili nchini, LSK, inayopatikana mtandaoni, na kwamba ana cheti cha mwaka huu. Aombe maelezo ya ada kwa maandishi. Adai risiti kwa kila shilingi. Asiache hati asilia bila kupewa karatasi yenye sahihi inayoonyesha imepokelewa. Asitie sahihi wala kidole gumba kwenye jambo asilolielewa. Akidhulumiwa na wakili, anaweza kupeleka malalamishi kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya Afisi ya Mwanasheria Mkuu. Wakili akipatikana na hatia na jopo la nidhamu, anaweza kusimamishwa kazi au kufutwa kabisa katika orodha.

Ni vizuri pia kujua kwamba si kila jambo linahitaji wakili. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mwananchi anaweza kujisimamia mwenyewe. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Sheria hiyo inatambua pia wasaidizi wa kisheria na vituo vya msaada vya vyuo vikuu, ambako wanafunzi huanza kuwahudumia watu halisi wakisimamiwa.

Kwa wanafunzi walio hapa, kanuni zinadai mwanafunzi anayetoka kidato cha nne awe na alama ya wastani ya C+ katika KCSE, pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Anayedharau Kiswahili darasani ajue anaweza kuwa anajifungia mlango. Zaidi ya alama, masomo haya yanataka mtu anayependa kusoma kurasa nyingi, asiyechoka kuandika upya, na anayeweza kusikiliza mtu mwingine mpaka mwisho. Kusema sana peke yake hakutoshi.

Kwa wazazi, kabla ya kuuza chochote, hakikisheni kwa Baraza la Masomo ya Sheria kwamba chuo kimeidhinishwa kufundisha sheria. Ulizeni pia Shule ya Sheria ya Kenya masharti yake ya kuingia, kwani suala la nani anastahili kujiunga nayo limefika mahakamani zaidi ya mara moja. Ni uchungu kulipa karo miaka minne kisha kuambiwa kijana hawezi kuendelea. Na wekeni akiba ya hatua zinazofuata shahada, maana gharama haziishii kwenye joho la mahafali. Kwa kijana ambaye hakufikia alama hizo, ipo diploma ya wasaidizi wa kisheria katika Shule ya Sheria ya Kenya, na kazi yake inahitajika sana vijijini.

Serikali za kaunti nazo zinawahitaji wahitimu hawa. Kila mswada unaopita katika bunge la kaunti, kila zabuni ya barabara na kila mzozo wa ardhi ya umma huhitaji mtu aliyefunzwa kusoma kwa makini na kuogopa kusema uongo. Basari anayopewa kijana wa sheria ni pesa za walipa ushuru, na wananchi wana haki ya kuuliza zimewarudishia nini.

Siku mjane yule atakapotoka kortini na karatasi zenye jina lake na majina ya watoto wake wote watatu, akielewa kila ukurasa na hakuna shilingi iliyopotea njiani, hapo masomo ya sheria yatakuwa yamefikia lengo lake. Kabla ya hapo, shahada ni ahadi tu, na ahadi hudaiwa.