MBOLEA YA MBOJI NA MAJI YA MVUA MJINI
(Maelezo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wakaazi)





Kila inapoingia masika, malalamiko yanayofika maofisini ni yale yale: mitaro imefurika na maji yameingia majumbani. Wakaazi wa Mwanakwerekwe hawajaisahau Mei 2017. Mitaro ni ya lazima. Lakini mtaro hupokea tu maji yaliyokwisha kutiririka. Nazungumzia leo kuyapunguza kabla hayajafika huko.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 100 za mraba, likinyeshewa milimita 50, humwaga lita 5,000. Zamani maji hayo yakizama chini ya miembe na minazi. Sasa viwanja vimetiwa saruji, na udongo uliobaki umeshindiliwa na magari hata haunyonyi.

Udongo huo hufufuliwa kwa mboji, ambayo huzishikanisha chembe zake na kuacha nafasi za maji kupita. Chimbeni bonde dogo lenye kina cha shubiri moja, si chini ya mita tatu kutoka msingi wa nyumba, mbali na kisima na choo, na bomba la paa lielekezwe humo. Changanyeni sehemu nne za udongo wa kichanga kwa moja ya mboji, kisha mpande majani na vichaka. Mchanga wa pwani ni mwiko: una chumvi, na kuuchimba kunazila fukwe zetu. Maji yasikae zaidi ya siku mbili, mbu wasije wakazaa.

Wapo wanaodhani mboji ikizidi ndiyo bora. Sivyo. Ikizidi, au ikiwa changa, naitrojeni na fosforasi huchujuka hadi baharini, na mwani hufunika matumbawe. Biwi lake sharti lipate joto la nyuzi 55 kwa siku kadhaa, likigeuzwa ili kila upande upate joto hilo na vijidudu vife. Kisha lingojewe hadi lipoe na kunuka udongo. Mabaki ya mboga za sokoni yanafaa sana. Plastiki na betri, hapana.

Pale bondeni ambapo maji ya ardhini hupanda karibu na uso, bustani hizi hazitafaa kitu. Kazi ifanywe miinukoni yanakotoka maji. Na huko miinukoni zipo ofisi na skuli zetu zenye mapaa mapana. Wakuu wa ofisi wanaombwa waanze na viwanja vyao, na mabiwi yaandaliwe miezi mitatu au minne kabla ya Machi.